Mashine ya mkono ya kukamulia nanasi: nimeitumia msimu mzima

Nalima nanasi ekari moja na nusu, Kiwangwa, Bagamoyo. Msimu ukichanganya, yaliyoiva sana wenye magari hawayataki hata kwa bure. Ndipo mimi na wifi yangu tukachanga shilingi 350,000, tukachongewa mashine ya kukamulia na fundi wa kuchomelea.

Ni fremu ya chuma, skrubu nene inayoshuka katikati, sahani ya kugandamizia na pipa dogo lenye matundu. Aliyezoea kukamua tui kwa kifumbu ataielewa papo hapo. Zamani tulikamua kwa kitambaa, na nanasi linavyowasha, jioni vidole vilikuwa vimechubuka hata chumvi hushiki. Sasa kilo 10 zilizomenywa na kukatwakatwa zinatupa karibu lita 6. Usiende mbio tu: kaza mpini, acha juisi ichuruzike, ikianza kudondoka tone tone kaza tena. Ukilazimisha, machicha yanafoka juu ya sahani.

Kwenye skrubu fundi nampa heko. Meno yake ni mapana, ya mraba, si yale makali ya bolti za kawaida ambayo yangelika mapema. Na kuifungua yote kwa kuosha ni spana moja, namba 17.

Lakini sinia la kupokelea juisi alitengeneza kwa bati la kawaida, akalipaka rangi ya fedha. Nanasi lina asidi. Wiki ya tatu rangi ikabanduka, juisi ikawa na ladha ya msumari, tukamwaga ndoo mbili. Kaweka stenlesi, ila katudai 60,000 nyingine, na hilo mpaka leo naona halikuwa haki.

Tena skrubu aliipaka grisi ya magari, nayo iko juu ya pipa! Niliona tone jeusi likitambaa kwenye meno, likaangukia ndani. Tuliisugua yote kwa maji ya moto na sabuni, sasa tunapaka mafuta ya nazi, inateleza vizuri tu.

Miguu nayo ifungwe kwa bolti kwenye saruji, la sivyo ukizungusha mpini mashine nzima inazunguka nawe.

Tunaagiza ya pili, kwa fundi yuleyule. Safari hii stenlesi tangu mwanzo, na nitakaa pale karakana nione bati lenyewe kabla halijakatwa.