TAHADHARI: Vibali bandia vya kuona gorila Bwindi, wanauziwa wasafiri Kampala

Ndugu zangu mnaopanga kuzunguka Uganda na mabegi mgongoni, someni hii kabla hamjatoa hata shilingi. Mimi na mume wangu tumetapeliwa shilingi 860,000 za Uganda, kwa pesa yetu ya Tanzania ni kama laki sita. Tuligundua tukiwa tumeshafika Buhoma kwenye lango la hifadhi, saa moja na nusu asubuhi, viatu tumekaza na maji ya kunywa tumeshafunga begini.

Sisi ni walimu, tunaishi Mwanza. Safari hii tuliidunduliza miaka miwili. Likizo ya Juni ilipofika tukapanda basi hadi Bukoba, tukavuka Mutukula, tukalala Masaka usiku mmoja, kisha Kampala. Mwisho wa safari ulikuwa msitu wa Bwindi kule kusini magharibi. Kampala tuliingia Jumamosi jioni, tukachukua chumba cha bei nafuu katika nyumba ya wageni. Asubuhi ya Jumapili, tukiwa tunakunywa chai na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) pale barazani, akaja huyo mtu.

Alikuwa amevaa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Alisema amekulia Bukoba, akatutajia na mitaa. Mimi akaniita dada, na alipojua kazi yetu, mume wangu akawa "mwalimu" tangu dakika ile hadi tulipoagana.

Nataka mwelewe vizuri alivyotunasa, kwa sababu kuhusu gorila hakutudanganya hata kitu kimoja. Alisema Bwindi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994. Alisema kuna sehemu nne za kuanzia safari: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwamba kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, na mkishaifikia mnakaa nayo saa moja tu. Kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi, na mwenye mafua anarudishwa kwa sababu gorila huambukizwa magonjwa yetu. Familia ya Mubare ndiyo ya kwanza kufunguliwa kwa wageni, mwaka 1993. Hata sensa ya 2018 aliijua: gorila 459 ukijumlisha na msitu wa Sarambwe upande wa Congo. Nimeyahakiki yote baadaye, ni ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye karatasi tu.

Na bei aliitaja sawasawa. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, wakati mgeni kutoka nje ya Afrika analipa dola 800. Bei hiyo tulikuwa tumeshaisoma wenyewe, kwa hiyo alipoitaja bila kuipindisha mioyo yetu ikatulia. Akasema tatizo ni kwamba Juni watu ni wengi, Buhoma pamejaa, lakini yeye ana vibali viwili vya wateja walioahirisha. Atabadilisha majina. Sisi tutoe 350,000 kila mmoja, ile 50,000 ya juu ni yake ya kuhangaika. Akaongeza 160,000 ya chumba cha siku mbili kule Buhoma. Mtu anapokutajia faida yake waziwazi hivyo, unamwona mkweli. Sisi tulimwona hivyo.

Tulipomwomba tusubiri Jumatatu twende naye ofisi inayotoa vibali, akasema hadi Jumatatu vitakuwa vimekwenda, kuna Wakenya wawili wanavitaka. Hapo ndipo tulipopaswa kusimama. Akatupeleka kwa wakala wa mobile money, barabara ya nyuma ya nyumba ya wageni. Binti wa pale alihesabu pesa zetu, akaingiza namba, kisha akasita. Akaigeuza simu ili tuone jina lililotokea, akatuuliza kwa Kiingereza kama huyu mtu tunamfahamu. Jina lilikuwa la mwanamke. Yule bwana akacheka, akasema ni mhasibu wa ofisi. Binti akauliza mara ya pili, safari hii akinitazama mimi. Mume wangu naye akanitazama. Mimi ndiye niliyeitikia kwa kichwa.

Baada ya saa mbili vibali vikaja kwa WhatsApp, vina nembo ya Uganda Wildlife Authority (UWA), yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, majina yetu, tarehe, namba. Tulifurahi sana. Nikamtumia na mama.

Jumatatu alfajiri tukapanda basi. Mbarara, Rukungiri, Kihihi, hadi Butogota, na kutoka hapo bodaboda kupitia mashamba ya chai. Tulifika Buhoma giza linaingia. Nyumba ya kulala tuliyoelekezwa hawakuwa na majina yetu. Tukampigia, akapokea, akasema ni mtandao, tulipe tu kisha atarudisha. Tukalipa mara ya pili.

Asubuhi mama mmoja wa hifadhi alikaa mezani na rejista, anapokea pasipoti na vibali. Alizisoma zetu, akapitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, akarudia. Akapiga simu Kampala. Namba ya kibali ilikuwa halisi, ila ya mtu mwingine aliyekwisha kuingia msituni Februari. Kisha akaomba kibali cha mgeni mwingine, akakiweka kando ya chetu ili tujionee. Kwenye chetu mstari wa jina ulikuwa umepanda juu kidogo kuliko mistari mingine, na herufi zake ni nene zaidi. Namba ya pasipoti ya mume wangu ilikosa tarakimu ya mwisho. Siku tatu tulikuwa tunaiangalia karatasi ile na hatukuiona, kwa sababu tulisoma majina yetu tukaridhika.

Hakutufokea. Alisema pole, na kwamba sisi si wa kwanza. Wenzetu wakagawanywa kwenye familia zao, wakaingia msituni na fimbo zao. Sisi tukaenda kutoa taarifa polisi. Simu ya yule mtu ilizimwa siku hiyo hiyo, ikawashwa baada ya wiki na picha nyingine ya WhatsApp. Ndiyo maana naandika: bado yuko kazini.

Sasa mfanyeje. Ofisi ya UWA iko Kampala, mtaa wa Kamwokya, barabara ya Kira, jirani kabisa na Makumbusho ya Uganda. Nendeni wenyewe na pasipoti zenu, lipeni, mchukue kibali na risiti mkononi. Hiyo pasipoti ndiyo inayokupa bei ya Afrika Mashariki. Kama mnataka Juni hadi Septemba au mwisho wa mwaka, msisubiri kufika Kampala ndipo mtafute, wasilianeni na ofisi miezi kadhaa kabla. Bei nilizotaja ni zilizoanza Julai 2024, ulizeni upya kwa sababu hubadilika.

Kuna wanaotumia wakala wa safari na hakuna ubaya, wapo waaminifu wengi. Lakini wakala akupe namba ya kibali kabla hujamaliza kulipa, na wewe uipigie ofisi wakuhakikishie jina, pasipoti, tarehe na sehemu. Hiyo sehemu muiangalie sana. Kibali cha Rushaga hakikuingizi Buhoma, na kutoka moja hadi nyingine ni saa kadhaa za barabara ya milima. Huwezi kugundua asubuhi ukahama. Akikuambia ana kibali cha mteja aliyeahirisha, mwache hapo hapo. Akikuahidi familia fulani ya gorila kwa jina, kama sisi tulivyoahidiwa Mubare, jua kwamba wageni hugawanywa na wahifadhi wenyewe asubuhi ile. Na akikwambia rafiki yako Mzungu ataingia kwa 300,000, hiyo haipo.

Pesa zisiende kwenye simu ya mtu binafsi. Jina likitokea tofauti na la mtu aliye mbele yako, funga pochi, hata kama maelezo yake ni mazuri kiasi gani.

Kwa wale waliokwisha kuumia na wako Buhoma bila pesa ya kibali kingine: tulitembea na mwongozaji wa hifadhi hadi maporomoko ya Munyaga, kwa malipo madogo mno kulinganisha na gorila. Nililia njiani, sifichi. Lakini msitu ule ni mzito, miti ina ndevu za kuvu na maji yanasikika kabla hujayaona, na mume wangu alinishika mkono njia nzima.

Kama una karatasi ya namna hii mkononi sasa hivi na siku yako ya safari bado, itoe, soma namba ya pasipoti tarakimu moja moja ukilinganisha na pasipoti yenyewe. Kisha wapigie Kamwokya leo, usisubiri ufike langoni.