Chati ya mishipa ya damu, nimeinunua Ngamiani, nyota 4 kati ya 5

Wana Tanga wenye watoto sekondari, hii chati mkiiona kwenye stationeri za Ngamiani chukueni, mi nimeipata kwa 12,000 na hela yake inastahili kabisa, ni ya plastiki ngumu hata ikimwagikiwa chai unafuta tu.

Kilichonikosha ni mchoro wa mishipa iliyokatwa katikati, unaona ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ina ukuta mnene wa tabaka 3, lile la kati lina misuli na nyuzi zinazovutika ndo maana linahimili presha ya damu inayotoka moyoni, halafu vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) pembeni ukuta mwembamba, tundu pana, ndani kuna vali, yani ukitembea misuli ya mguu inaibana vena damu inapanda juu na vali inajifunga isirudi chini. Kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa, ndo balaa, ukuta wake unene wa seli 1 tu, oksijeni inapenya hapohapo, na chembe nyekundu zinapita mojamoja kama watu kwenye kichochoro.

Ila kasoro ipo na si ndogo: ateri ya mapafu wameipaka nyekundu! Jamani ile inapeleka mapafuni damu iliyopungukiwa oksijeni, kwenye mchoro inatakiwa bluu, vena za mapafu ndo nyekundu. Mtoto akikariri hivyo anakosa maksi bure. Nimemwonyesha dada wa dukani akanielewa vizuri tu, kasema atamwambia anayemletea mzigo. Kwa sasa ukinunua pitisha maka pen ya bluu hapo kabla hujaibandika ukutani.