Gundi ya Ngozi au Gundi Nyeupe kwa Udi wa Zamani?

Udi wa zamani, ile ala ya muziki ya nyuzi, ukibanduka uso (ubao wa mbele), au mbao za mgongo zikiachana, uamuzi mkubwa ni gundi.

Gundi nyeupe ya maseremala ipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Haihitaji moto, na humpa fundi muda wa kupanga na kubana. Kwa kiti au kabati sina neno nayo. Kwa udi naikataa. Nyuzi zake, kwa kawaida 11, huvuta usiku na mchana, na gundi hii hulegea polepole chini ya mvuto wa namna hiyo. Baya zaidi, ikishaingia kwenye mbao haitoki vizuri, na gundi mpya haishiki juu ya mabaki yake. Fundi atakayefuata atalazimika kukwangua mbao yenyewe, nayo ina unene wa milimita mbili hivi!

Gundi ya ngozi ya mnyama ina usumbufu: huloweshwa, kisha chombo chake huwekwa ndani ya maji ya moto hadi ifike nyuzijoto 60 hivi, isichemke, nayo huganda upesi. Unyevu wa pwani, iwe Unguja au Mombasa, huidhoofisha pia. Lakini ikikauka huwa ngumu, kiungo hakisogei. Siku ya matengenezo mengine, kisu chembamba chenye joto na maji kidogo hukifungua bila kupasua mbao, na gundi mpya hushikana na ya zamani.

Gundi nyeupe nitaikubali kwenye kasha la kubebea tu.