Vigae vya kupambia bustani: vipi ununue, vipi uviache

Kabla hujatoa hela ya vigae vya kuvunja na kubandika kwenye vyungu na vinjia vya bustani, chukua kipande, kigeuze mgongo, kidondoshee tone la maji. Likinywewa papo hapo, hicho kigae kina kiu. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kimeiva motoni sawasawa. Kwa bustani za Tanga, zenye masika na upepo wa chumvi, hilo ndilo swali la kwanza, rangi baadaye.

Namba moja: vipande vya tailizi za sakafu za porselini, yaani kauri iliyochomwa kwa moto mkali. Zinanyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na nyingi zina unene wa milimita 8 hadi 10, kwa hiyo hata kinjia unaweza kukinakshi. Usinunue boksi zima. Uliza dukani boksi zilizovunjika wakati wa kushusha mzigo, au mfuate fundi anayemaliza nyumba, mpatane kwa kiroba. Za kukanyagwa ziwe za mkwaruzo na unene mmoja, la sivyo vidole vya miguu vitakuambia. Ubaya wake ni ugumu wa kukata, na rangi nyingi ni kijivu na maziwa.

Namba mbili: sahani na vikombe vya kauri. Uzuri wote uko huku. Chenye ufa au kilichopoteza mwenzake hushuka bei, nawe ufa hukusumbui. Pitisha kidole juu ya ua: ukilihisi limeinuka, limechorwa juu ya mng'ao na litafutika, likiwa laini kabisa, litadumu. Vikombe vidogo vya kahawa vimepinda, vinakaa vizuri kwenye tumbo la chungu cha maua. Njiani usiviweke, vinakata. Wazee wa pwani hii hawakungoja kufundishwa: nenda kwenye magofu ya Tongoni, barabara ya Pangani, utazame nguzo za makaburi zenye mashimo yalimokaa mabakuli. Na neno lenyewe kigae, kabla ya tailizi, lilikuwa gae la chungu kilichovunjika.

Namba tatu: tailizi za ukutani. Rahisi, zinakatika, zina rangi. Ila zinanyonya zaidi ya asilimia 10. Ulaya huzikataa nje kwa sababu maji yakiganda ndani huzipasua. Sisi barafu hatuna, ndiyo maana sijazitupa. Ziloweke kwanza. Mimi chungu changu cha kwanza nilizibandika kavu kwa saruji, zikainyonya maji kabla haijashika, na masika yalipokuja nikaokota vipande kimoja kimoja.

Mwisho: mosaiki, yaani vipande vidogo vya nakshi, zilizobandikwa tayari kwenye wavu. Ghali, na zimekusudiwa bafu. Vioo, kwenye nyumba yenye watoto, hapana.

Hela uliyookoa ipeleke kwenye gundi. Porselini hainyonyi, kwa hiyo saruji tupu haiishiki. Tafuta gundi ya tailizi ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Minya mfuko: ukisikia mabonge, unyevu umeshaingia, rudisha. Grauti, unga wa kujazia nafasi kati ya vipande, chukua ya kijivu, maana nyeupe udongo mwekundu huimaliza, na kwa nafasi zinazozidi milimita 3 iwe yenye mchanga.

Miwani ya kinga inunue siku moja na nyundo. Na sahani ivunjie ndani ya kiroba.