Kamusi ya mtumba, herufi Z haipo

Nimeinunua kwa muuza vitabu wa chini hapa Arusha, shilingi 8,000, baada ya kuvutana kuanzia 15,000. Ni kamusi ya Kiingereza kwa wanaojifunza. Jalada limepinda, mfuko wa CD ni mtupu, na kurasa za X, Y na Z zimeng'oka. Kwa sisi tunaoongoza watalii, Z ni pengo kubwa: zebra, yaani pundamilia, kapotea!

Nilichokuwa nakitafuta ni matamshi. Vile vistari vidogo vya wima nilidhani ni uchafu wa nzi. Kumbe cha juu hukaa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, cha chini kabla ya yenye mkazo hafifu. Nikafungua second-hand, maana ndiyo kamusi yenyewe. Mkazo mkuu uko kwenye hand, ila pembeni kuna kipembetatu cheusi: neno hilo likitangulia nomino, mkazo unahamia second. Kwetu mtumba ni mtumba, "tu" inabeba mkazo hata ukiliweka wapi.

Hapo nikamkumbuka ndege wetu wa Tarangire, lilac-breasted roller. Lilac ni zambarau iliyopauka, breast ni kifua, na hiyo -ed si wakati uliopita kama nilivyokariri shuleni. Ni "mwenye". Mwenye kifua cha zambarau. Kwa kuwa breast inaishia na t, -ed inakuwa silabi kamili: li-lac-breas-ted, nne. Lakini red-billed, mwenye mdomo mwekundu, yule ndege anayechokoa kupe mgongoni mwa nyati, ana mbili tu, kwani bill haiishii na t wala d. Mimi nilikuwa nasema "redi-biledi", silabi tano! Miaka sita, na wageni wakaitikia kwa adabu tu.

Kasoro: ndege wenyewe hawamo. Utakuta old-fashioned na wenzake waliozoeleka, wengine unawajengea mwenyewe kwa mfano huo. Maandishi nayo ni madogo mno. Gari likiingia kwenye makorongo, funga kitabu.

Nyota tatu na nusu. Jumamosi narudi kwa muuzaji kuuliza kama anayo nyingine yenye Z. Akinipandishia bei, pundamilia nitaendelea kumtamka kwa kukisia.