Nimenunua kazi za msanii aliyejifundisha mwenyewe, chukua orijino achana na printi

Kiukweli mtu akijiita msanii wa kujifundisha mwenyewe mi huwa nashtuka kidogo, maana wengine wanaifanya kinga ya kazi mbovu. Huyu jamaa hapana aisee. Ni mtu wa kupanda milima na kulala kwenye hema, anachora hukohuko kwa rangi za maji, akirudi anauza mtandaoni. Nikachukua orijino moja ya mto, yaani picha yenyewe aliyoipaka kwa mkono, na printi moja ya machweo, yaani nakala iliyochapwa kwa mashine.

Orijino ni moto. Karatasi ya pamba gramu 300 kwa mita ya mraba, yaani nene, ukipitisha kidole unausikia ule mkwaruzo wake, na kwenye vivuli vya mawe kaweka bluu ya ultramarini ambayo chembe zake huwa zinazama kwenye vishimo vya karatasi, kwa hiyo jiwe linatoka na vipunje vyake bila yeye kuhangaika kuchora kimoja kimoja. Povu la maji hajapaka nyeupe, kaacha karatasi yenyewe iongee. Halafu kona ya juu kuna doa la duara, tone limesukuma rangi pembeni, nadhani mvua ilimkuta, na wala hakulificha! Hapo ndo aliponimaliza.

Sasa kuna watu watasema si lazima uende porini ndo uchore pori, na ni kweli, Henri Rousseau naye alijifundisha mwenyewe, alikuwa karani wa ushuru Paris, kachora misitu mikubwa yenye simba na nyani wakati hakuwahi kutoka nje ya Ufaransa, mimea alikuwa anaenda kuitazama bustanini. Ila ile ni misitu ya ndotoni bana. Kwa huyu unaona maji yakipita jiwe yanavyojizungusha na kurudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea, kitu ambacho hukioni mpaka ukae chini utulie.

Wanyama bado hawawezi lakini, tusidanganyane. Kwenye printi kuna ndege ana shingo kama soksi.

Na hiyo printi ndo imeniangusha. Wekundu wa machweo umeanza kupauka ukutani, kumuuliza anasema wino aliotumia sio wa pigmenti, ule wenye chembe za rangi zisizopauka haraka, ni ule wa kawaida, na ule jua likiupiga haudumu. Angeandika basi kwenye tangazo, mtu ajue anachonunua. Nimeihamishia ukuta usiopigwa na jua. Orijino nayo nimeiwekea kadibodi pembezoni isigusane na kioo cha fremu, maana unyevu ukinasa hapo katikati karatasi inagandia kioo.

Kufunga mzigo yuko vizuri, mbao nyembamba huku na huku, hakuna hata kona iliyokunjika. Nampa nyota nne. Ukiagiza muulize wino mapema, na kama yuko milimani usimpigie kelele, atajibu akipata mtandao.