Uzoefu Wangu na Kiti cha Magurudumu cha Upana wa Ziada

Kiti ninachotumia sasa kina upana wa kukalia wa inchi 22, yaani takriban sentimita 56, na kibandiko kwenye fremu kinaeleza kuwa kinabeba kilo 200. Mimi nina kilo 148, magoti yangu yameharibiwa na baridi yabisi, na ninaishi Nyamasaria, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Ninakipendekeza kwa mwenye mwili mkubwa kama wangu, lakini kwa masharti, kwa kuwa wauzaji wengi husifu upana peke yake, ilhali kiti kipana kisicho imara au kisicholingana na mwili ni hatari.

Awali niliazimwa kiti cha kawaida cha inchi 18, ambacho aghalabu hutengenezewa mtu wa kilo 100 na ushei. Pande zake zilinichubua mapaja, na kitambaa cha kukalia kikabonyea katikati kama machela, magoti yakawa yanagongana. Hiki cha sasa kina jozi mbili za vyuma vilivyopishana chini ya kitambaa badala ya moja, na kitambaa chenyewe kimeimarishwa. Muuzaji akikuonyesha kiti kipana, mwombe akuonyeshe maandishi ya uzito kinaoweza kubeba, ukikumbuka kuwa mkoba unaotundika nyuma nao umo katika hesabu hiyo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alinipima nikiwa nimeketi kwenye benchi ngumu, kwa sababu mwili hutanuka mtu anapoketi, na akapima mahali palipo papana zaidi, ambapo kwangu ni mapaja wala si nyonga. Nikiketi leo, kiganja changu kilichonyooshwa hupita kati ya paja na ubavu wa kiti bila kulazimishwa, na nafasi inayobaki ni ndogo. Usivutwe na inchi za ziada kwa ajili ya starehe: kiti kikizidi, mikono hutanuka mno kuyafikia magurudumu, mabega huuma, na mwili huegemea upande mmoja. Kina cha kukalia, yaani urefu wake kutoka mgongoni kuelekea magotini, nacho kinataka uangalifu. Makalio makubwa humsukuma mtu mbele, uzito ukahamia kwenye magurudumu madogo, kiti kikawa kizito kusukuma na chepesi kupinduka. Changu kinaruhusu ekseli ya nyuma kusogezwa mbele kidogo, na baada ya fundi kuisogeza, nilianza kujisukuma mwenyewe sebuleni.

Kuhusu milango, ongeza takriban inchi nane juu ya upana wa kukalia ili upate upana wa nje kwa nje. Changu hufikia sentimita 76, na mlango wa bafu letu ulikuwa wa sentimita 70, hivyo fundi alibomoa ukuta na kuweka fremu pana zaidi. Pima uwazi mlango ukiwa umefunguliwa, kwa maana unene wa mlango wenyewe hula nafasi.

Jambo la usalama ambalo ningetaka kila familia ilielewe ni vikanyagio vya miguu. Mtaalamu yule alifunga breki, akakikanyaga kikanyagio kwa nguvu kiti kikiwa kitupu, na magurudumu ya nyuma yakainuka mbele ya macho yetu sote. Kwa hiyo kabla ya kuhama kutoka kitandani, breki zote mbili hufungwa, vikanyagio hukunjwa au kuondolewa, na miguu hukanyaga sakafu. Breki hizi hufanya kazi kwa kubana tairi, hivyo tairi likipungua upepo breki haishiki. Binti yangu hulibonyeza kwa kidole gumba kila asubuhi.

Baraza letu limeinuka sentimita 30. Fundi alitaka kujenga mteremko mfupi ili kuokoa saruji, nami nikakataa, kwani kila sentimita moja ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za urefu, na kwetu hizo ni mita 3.6. Hata hapo, ninashushwa kinyumenyume na watu wawili wenye nguvu. Wanaokusaidia wasikinyanyue kiti kwa kushika egemeo za mikono, maana huchomoka, washike fremu.

Joto la Kisumu huifanya ngozi iliyokaliwa iloe jasho, na vidonda huanza kimyakimya. Ninatumia mto mnene wenye kifuniko kinachofulika, ninainama mbele au kuegemea kando kila nusu saa, na jioni binti yangu hunikagua makalio na mikunjo ya mapaja.

Malalamiko yangu ni mawili. Kiti ni kizito, hata kikikunjwa hakiingii vizuri kwenye tuktuk nikiwa ndani, hivyo safari ya kliniki inahitaji gari. Pili, magurudumu ya mbele huzama kwenye udongo mweusi wa huku mvua ikinyesha, na ningependa yangekuwa mapana zaidi. Anayetafuta kiti aulize kwanza APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, ambao hutengeneza viti vya magurudumu humu nchini, na wakati huohuo ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa vifaa saidizi. Katika ombi lake aandike kilo zake na vipimo vyake vyote.